Jibu: Mtaala wa lugha kwa mtoto wa miaka 7

Salaam dada. Umesema bintiyo analia kila ukifungua kitabu cha mazoezi ya sarufi, na hujui ununue mtaala gani wa kumfundishia nyumbani. Kwanza angalia hadithi za mtaala wenyewe: zikikuchosha wewe, achana nao hata kama ni wa bei nafuu. Mimi hapa Lamu nafuata njia ya mwalimu Charlotte Mason wa Uingereza (1842–1923). Somo fupi, dakika 15 au 20. Soma hadithi mara moja tu, mtoto aisimulie kwa maneno yake, kisha anakili sentensi moja. Usimkatize akisimulia, hata akikosea! Sarufi itangoja. Mitaala ya Marekani imejaa theluji, kwa hiyo nachanganya na ngano na vitendawili vya nyanya ya wanangu. Wa sekondari sijafundisha.