Shangazi wa Safari: Boti ya Asubuhi na Samaki wa Mchana

*Shangazi, salamu kutoka Nakuru. Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi Agosti. Amelima Njoro maisha yake yote na hajawahi kupanda chombo cha majini. Nilipokuwa kazini Jinja nilipanda boti ya kutembeza watu kwenye mto Nile, mlo ukiwa ndani ya bei, na tangu hapo nina hamu ya kumfanyia mama kitu kama kile. Mke wangu anasema Kisumu ni karibu zaidi. Je, huko kuna mto wa kutembea namna hiyo? Tuko sita, wawili wakiwa watoto wa miaka 4 na 9. Magoti yanamsumbua mama, na maji anayaogopa ingawa hasemi. Kuna mtu amenipa bei ya boti na chakula pamoja, kwa kila kichwa, tule tukiwa majini. Nikubali?*
*Kitindamimba, Nakuru*

Kitindamimba mwanangu, salamu zimefika, na mama mpe zake. Mkeo ana haki, njooni Kisumu. Lakini bei hiyo usiikubali bado, na kula majini usikubali kabisa.

Kwanza habari ya mto. Pale Jinja, Nile ndiyo inatoka Ziwa Victoria, pana na yenye maji mengi, na tangu bwawa la Owen Falls likamilike mwaka 1954 maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji, ndiyo maana boti hutembea hapo bila shida. Mito ya kwetu inaingia ziwani. Nyando inashuka na udongo wa milimani na kila masika inawasumbua watu wa Ahero; Sondu inaporomoka kwenye mawe hata ikajengewa mitambo ya umeme. Hakuna anayemtembeza mama mzee huko. Tulicho nacho ni Ghuba la Winam, mkono wa ziwa ulioingia nchi kavu hadi Kisumu, pwani zikionekana pande zote mbili. Kwa mtu anayeogopa maji hilo ni jambo kubwa. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa lote, na sehemu nzuri ya hiyo asilimia mama ataiona akiwa ameketi, bila nchi kavu kumpotea machoni hata mara moja.

Sasa chakula. Boti nyingi za Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, na za ufuoni karibu na mji ni za mbao au faiba, zina viti vya ubao, turubai juu na injini moja nyuma. Petroli iko kwenye mtungi karibu na miguu ya nahodha. Mtu akikuambia atawasha jiko la makaa humo humo awakaangie samaki, mwambie asante, tutakula tukirudi. Na hata chakula kikipikwa nchi kavu kikapakiwa, fikiria mama anachambua miba ya samaki huku boti inayumba na upepo unapeperusha sahani, na mtoto wa miaka 4 yuko kando. Miba inataka mwanga, meza na utulivu. Mlo uwe ndani ya bei kama mnataka, lakini uliwe ufuoni, mezani, baada ya kushuka.

Wengi hukosea saa. Wanatoka Nakuru asubuhi, wanapita Kericho, wanafika Kisumu karibu na saa sita wakiwa na njaa, wanakula, kisha saa tisa ndipo wanapanda boti. Hiyo ndiyo saa mbaya. Asubuhi ziwa limelala. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja mjini, na mchana unapoendelea mawimbi yanakatika mafupi mafupi na kurusha maji ndani. Alasiri, mawingu yakijaa juu ya milima ya Nandi, mvua ya radi inaweza kushuka kwa ghafla. Wavuvi wa huku wanajua hivyo, ndiyo sababu asubuhi utawakuta wanarudi na si wanatoka. Lala Kisumu usiku mmoja. Pandeni saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, tembeeni kwa muda wa saa moja na nusu, mshuke kabla jua halijawa kali. Mama atarudi akitaka kwenda tena, na samaki aliyetua asubuhi hiyo atakuwa bado anang'aa.

Kabla ya kulipa chochote, omba kuona majaketi ya kuokoa maisha. Usiulize kama yapo, kwa sababu jibu ni ndiyo kila mara. Yashike mkononi. Mvalishe mtoto wa miaka 4 jaketi lake, funga zipu na mikanda yote, kisha lishike mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni la mtu mzima, na majini litamtoka kichwani limwache. Jaketi la mtoto mdogo liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mwenye boti asipokuwa na la saizi yake, nenda kwa mwingine. Dunga boti ni nyingi na hakuna wa kumkasirikia. Mama naye avae lake tangu nchi kavu, alizoee akiwa ameketi kwenye benchi, mkizungumza mambo mengine. Na uwe wa kwanza kuvaa wewe, kwa sababu akiona mwanawe amevaa hataona kama amedharauliwa uzee wake.

Magoti. Ukifika ufuoni utaona watu wanaingia majini hadi vigimbi vya miguu ndipo wapande, au kijana anambeba mtu mgongoni. Mama wa miaka 70 asibebwe mgongoni mbele ya wajukuu kama yeye mwenyewe hapendi. Uliza kwa simu: kuna gati, au daraja la mbao la kutembea hadi botini? Kuna kidato? Hoteli kadhaa za kando ya ziwa zina gati lao na boti inaweza kuwachukulia hapo. Ukiwa botini mkalishe katikati, si mbele. Mbele ndiko boti inakopiga mawimbi, na kiuno cha mzee kinahesabu kila pigo.

Sababu nyingine ya kukwepa kukanyaga maji ya ufuoni ni kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Watoto wasicheze hapo hata kama watoto wa pale wanacheza.

Mtaona nini? Mwombe nahodha apite polepole kando ya mafunjo ya Dunga, injini ikiwa kwenye mwendo mdogo kabisa. Humo anaishi ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano, ambaye makao yake ni mafunjo tu. Akikosa mafunjo hana kwingine. Mara nyingi mtamsikia kabla hamjamwona, kwa hiyo waambieni watoto wanyamaze kidogo. Mdiria mweusi kwa mweupe atakuwa amesimama hewani, mabawa yanapiga, mdomo umeelekea chini, kisha anadondoka majini kama jiwe. Mtoto wa miaka 9 atataka kukaa hapo mpaka saa sita. Furukombe wapo, minandi wamejaa kwenye nguzo wakianika mabawa, na kuna wavuvi wanaokusanya nyavu. Wasalimieni. Msiwapige picha kabla ya kuwaomba, wako kazini.

Viboko mtawatafuta upande wa Hippo Point. Mchana wanakaa majini, yanaonekana masikio na pua tu. Nahodha mzuri anasimama mbali na hakubali kupita kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko anakokimbilia akishtuka. Msimwongezee pesa ili asogee. Nasema hivi kwa uchungu: nahodha wengi ni vijana wenye familia, hawapendi kumkatalia mgeni, na noti moja ya ziada inaweza kumfanya aende asikotaka kwenda.

Kuhusu gugumaji, lile jani lenye maua ya zambarau lililovamia ziwa letu tangu miaka ya mwisho ya 1980 hadi leo, halikai mahali pamoja. Upepo unalisukuma. Leo Dunga ni wazi, kesho ni kijani kitupu kama kiwanja cha mpira, na propela ikinaswa nahodha atainua injini achambue majani kwa mkono huku mnangoja. Kwa hiyo piga simu asubuhi yenyewe, uulize hali ya maji kabla hamjatoka hotelini. Atakwambia ukweli, maana yeye ndiye atakayechambua.

Mtu akikushawishi mwende kisiwa cha Ndere, ni mbuga nzuri, ina swala na nzohe, yaani swala wa majini, imehifadhiwa tangu 1986. Lakini kutoka Kisumu ni zaidi ya saa moja kwenda na vivyo hivyo kurudi, na kurudi kutawakuta kwenye upepo. Si safari ya kwanza ya mama.

Bei sasa. Bei ya kichwa inamfaa mwenye boti anayetaka kujaza viti na wageni wengine. Nyinyi mko sita, kodisheni boti nzima kwa saa, mjue ni yenu, mama akichoka mnarudi bila kugombana na mtu. Chakula kilipwe kando. Ukiambiwa "mlo umo," uliza samaki ni wa ukubwa gani na analiwa na watu wangapi, kwa sababu mahali pengine samaki mmoja wa kiganja anahesabiwa kuwa mlo wa wawili. Bora zaidi, kabla ya kupanda boti, nenda mwenyewe ukachague. Finya mwili wake kwa kidole. Ukiachia, kishimo kijae mara moja. Funua shavu uone matamvua: yawe mekundu, si ya rangi ya matofali ya zamani. Macho yawe yametokeza, si yamezama. Ngege, yaani tilapia, wanaouzwa Kisumu siku hizi si wote wametoka kwenye nyavu. Wako wa vizimba vilivyo ziwani, ambao hawana neno, na wako waliokuja wameganda kutoka China. Uliza bila haya. Mama wa samaki anayejua kazi yake atakujibu vizuri, na akikasirika utakuwa umeshajibiwa.

Agiza wawili wa kukaanga kwa ajili ya watoto, na kwa mama samaki wa mchuzi, nyanya nyingi, ugali wa mtama pembeni na mboga ya osuga, yaani mnavu. Mwambie mpishi mnarudi saa nne, aanze mapema. Mpeni mama kichwa cha samaki. Huku kwetu mgeni wa heshima hatolewi mkia.

Lipa arubuni kidogo kwa simu, uweke ujumbe wa maandishi kwamba hali ya hewa ikiharibika mnahamisha siku na pesa haipotei. Waungwana wote wanakubali hilo.

*Shangazi, mimi na mchumba wangu tunataka boti ya jioni Kisumu, tuone jua likizama kisha tule chakula cha usiku majini. Wengine wanatutisha. Tufanyeje?*
*Wawili, Kakamega*

Wanangu, wanaowatisha wana sababu. Kisumu jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na giza la huku halisubiri. Boti nyingi ndogo hazina taa, nyavu zimetandazwa, na viboko ndio wanatoka majini kwenda malishoni. Pandeni saa kumi na moja kama anga ni safi, mrudi saa kumi na mbili na robo. Kisha kaeni Hippo Point, nchi kavu. Jua litazamia mbele yenu juu ya maji, na halipungui uzuri kwa kuwa miguu yenu iko kwenye ardhi. Kuleni hapo karibu. Vaeni mikono mirefu, mbu wa kando ya ziwa wanaamka saa hiyo hiyo na malaria huku bado ni jirani. Mkiona umeme unapiga upande wa mashariki, siku hiyo boti iacheni.

*Shangazi, mume wangu hali samaki kabisa, harufu tu inamshinda. Safari ya boti na mlo ufuoni itamfaa?*
*Mama wa Mtaani, Kisumu*

Itamfaa, ukipiga simu jana yake. Kuku wa kienyeji hapikiki kwa nusu saa. Ukimwagiza mkishashuka, mtakaa na njaa mpaka saa nane. Agiza kabla, omba apikwe sufuria yake, si iliyokaangia samaki, na mketi upande upepo unakotoka ili moshi wa majiko uende kwa wengine. Botini akae mbele: nyuma kuna petroli, na kwa mtu wa pua kali hiyo ni mbaya kuliko samaki.