Re: Leseni ya bwawa la kuogelea Dodoma

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, bwawa umeshajenga nyumbani Nkuhungu, unataka kutoza kiingilio, na leseni imekwama.

Anza na hati ya kiwanja. Ikisomeka makazi, omba kubadilisha matumizi pale Halmashauri ya Jiji. Mambo ya CDA, iliyokuwa mamlaka ya ustawishaji makao makuu, yalihamia huko tangu 2017. Mimi hapo kwenye kubadilisha matumizi ndipo nilipochelewa sana, mengine yalienda haraka: TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, kisha leseni unaiomba kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri.

Bwana afya atakuja kukagua vyoo, bafu za kuoga kabla ya kuingia majini, na klorini. Nunua kipimo chako cha maji mapema, pH (kiwango cha asidi) ibaki kati ya 7.2 na 7.8. Ukiajiri watu, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nao wanakuhusu.

Halafu, maji ni ya DUWASA (mamlaka ya maji Dodoma) au kisima? Kama umechimba, kibali cha bodi ya maji ya bonde unacho?