Vitenzi vya Kijerumani vinavyokatika: tumia sikio, achana na orodha

Kuna dada kaniandikia inboksi, anajiandaa na mtihani wa Kijerumani wa B1 (ngazi ya kati) akaanze Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya unesi, anasema vitenzi vyenye viambishi awali vinamliza. Dada, nakuelewa. Mimi cheti changu cha B1 nimekipata juzi tu na sehemu ya kuongea ndo iliyonipa maksi nyingi kuliko zote, kwa hiyo haya naongea nikijiamini kabisa.

Nilikoanza kusoma tulipewa karatasi yenye orodha mbili, hivi vinakatika (kiambishi kinachomoka kwenye kitenzi), hivi havikatiki, kariri. Nikauliza nikikutana na kitenzi kipya nitajuaje, nikajibiwa mbele ya darasa zima kwamba lugha hii sio ya kila mtu. Iliniuma, na bado inaniuma, maana jibu lilikuwepo na ni jepesi: mkazo wa sauti. Nimelipata mwenyewe usiku nikisikiliza zile habari za Deutsche Welle zinazosomwa polepole.

Sema anrufen, kupiga simu. Sauti inakaza kwenye an, basi an inakatika inaenda kukaa mwisho kabisa: Ich rufe dich morgen an, nitakupigia kesho. Ila ukiweka weil (kwa sababu) vinarudiana, weil ich dich anrufe. Sasa sema verstehen, kuelewa, mkazo uko kwenye steh, ver haibanduki: Ich verstehe dich. Hata kwenye Perfekt, yaani wakati uliopita, ni hivyohivyo, angerufen inaingiza ge katikati wakati verstanden haina ge kabisa. Be, emp, ent, er, ge, ver na zer hazibebi mkazo na hazikatiki.

Halafu kuna um, hapo ndo sikio linalipa. Umfahren ukikaza um umegonga kitu kikaanguka, ukikaza fahr umekizunguka ukapita salama. Kwenye maandishi ni neno lilelile, orodha itakusaidia nini hapo?

Jamani someni kwa sauti! Watu wanapamba madaftari kwa kalamu za rangi miezi na miezi na mdomo hawafungui, halafu wanasema Kijerumani kigumu. Soma kwa sauti, rudia kwa sauti, jirekodi ujisikilize.

Wewe dada anza na vya asubuhi, ukiwa unavifanya kweli: ich wache auf (naamka), ich stehe auf (nainuka kitandani), ich ziehe mich an (navaa). Um, durch na über, ambavyo mara vinakatika mara havikatiki, viguse ukishavizoea hivyo.