Ukitaka Kuwacheka Maprofesa Kupitia Zoom

Mchezo wa kejeli kuhusu wasomi Weusi wa Marekani si mgumu kuuandika, maana vituko wanavileta wenyewe. Kazi iko kwenye kuuonyesha, na ukiuonyesha kupitia intaneti kazi inaongezeka. Nasema hivi nikiwa nimeongoza mchezo wa namna hiyo huku Marekani kipindi cha korona. Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, ilifunga milango Machi 2020, na maonyesho yake makubwa hayakurudi hadi Septemba 2021. Sisi wa vikundi vidogo tulibaki na kompyuta, waigizaji waliotawanyika majimbo mbalimbali, na hamu ya kucheka. Tangu hapo naulizwa sana na vikundi vya wanafunzi wa Kiafrika walioko ughaibuni wanaotaka kufanya vivyo hivyo kwa sababu kukodi ukumbi ni ghali. Majibu yangu ni haya, na mengine yana ukali kidogo.

La kwanza ndilo kubwa: usichukue mchezo wa jukwaani ukaubandika kwenye Zoom. Andika mkutano. Mchezo wetu ulihusu Idara ya Masomo ya Weusi katika chuo chenye Wazungu wengi. Bajeti imekatwa, amidi wa kitivo anataka nafasi moja ya kazi ifutwe, na maprofesa wanne wanaambiwa wakubaliane wenyewe ni nani aondoke. Kila onyesho ni kikao cha Zoom. Mtazamaji haombwi ajifanye anaona ikulu au msitu. Anaona vile visanduku alivyovikodolea macho mchana kutwa kazini, na ndiyo maana anaanza kutabasamu kabla mtu hajasema neno. Mwishoni mwa Aprili 2020 The Public Theater ya New York ilirusha mchezo wa Richard Nelson ambamo ndugu wa familia moja wanazungumza kwa Zoom kweli kweli, na njia ikaonekana tangu hapo. Bado kuna watu wanavaa majoho na kupigana kwa upanga, kila mtu chumbani kwake. Siwaelewi.

Kwa wasomi mkutano una faida ya ziada, kwa sababu ndipo wanapokuwa wenyewe. Katika vyuo vya Marekani, Weusi ni takriban asilimia 6 tu ya wahadhiri wa kudumu na wa muda wote kwa hesabu za miaka hiyo, ilhali ni kama asilimia 13 ya wananchi. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anaitwa kwenye kila kamati inayohitaji sura nyeusi: ya ajira, ya ujumuishaji, ya kuchagua jina jipya la jengo lililopewa jina la mmiliki wa watumwa. Juni 2020 wasomi wengi Weusi walimwaga machungu yao Twitter chini ya alama ya reli #BlackInTheIvory, yaani Mweusi katika ulimwengu wa wasomi, na ukiyasoma yale unapata mchezo mzima. Hapo kuna uchungu, na kejeli isiyo na uchungu chini yake ni mzaha wa harusini.

Lakini kuna majivuno pia, na hayo msiyaonee haya. Huyu amepanga rafu ya vitabu nyuma yake, na kitabu chake mwenyewe kimegeuzwa jalada mbele, nakala sita. Yule hawezi kuuliza swali lisilo na sehemu tatu. Ugomvi wao nao una historia. Mwaka 1999, marehemu Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Binghamton, jimbo la New York, aliushambulia mfululizo wa televisheni wa Henry Louis Gates wa Harvard kuhusu Afrika, na jambo mojawapo lililomkera ni jinsi Waswahili walivyoonyeshwa. Makala yake ikasambaa kwa barua pepe, mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka akaingia upande wa pili, na vumbi likatimka kwa miezi. Yaani maprofesa Weusi walikuwa wakivuana nguo mtandaoni zaidi ya miaka ishirini kabla Zoom haijafika majumbani mwetu.

Sasa chombo kilichotubeba sana: sehemu ya meseji (chat) ya Zoom. Tulimwekea idara karani asiyeonekana wala kusikika. Yeye anachapa kumbukumbu za mkutano palepale, na watazamaji wanazisoma. Nilimwigiza mimi, vidole tu. Profesa mkongwe anafoka: "Idara hii nimeianzisha mimi, wewe ukiwa bado unanyonya!" Karani anaandika: *Profesa aliwakumbusha wajumbe historia ya idara.* Mwenzake anajibu: "Na tangu uianzishe hujachapisha hata ukurasa." Karani: *Suala la machapisho lilijadiliwa.* Amidi, Mzungu mpole, anaingia, anasema yuko pamoja nao katika kipindi hiki kigumu, anatoka kabla hajajibu swali lolote. Karani: *Amidi alihudhuria.* Hiyo sentensi ya maneno mawili ndiyo iliyochekesha kuliko zote. Ukumbini isingewezekana; ungelazimika kuweka mabango juu ya vichwa vya watu. Ila zingatia mwendo: andika mistari ya karani mapema kwenye faili, uibandike kwa wakati wake, na usitume mwigizaji anapokuwa katikati ya sentensi, kwa sababu jicho likisoma sikio linafunga.

Hapo nafika kwenye tatizo lenyewe, kicheko. Mchekeshaji huishi kwa kusikia watu. Anasema, anangoja, wanacheka, na kicheko kikianza kushuka analeta lingine. Zoom inakuondolea hayo yote. Unarusha utani kwenye kimya kama cha msibani, na mwigizaji mzuri anaanza kukimbiza maneno kwa hofu. Wengine hubandika vicheko vya kurekodi. Usifanye, watu wazima wanajisikia kutekenywa kwa nguvu. Sisi tulitafuta wachekaji watatu, watu wenye kicheko cha haraka kwa asili yao (mmoja alikuwa shangazi wa mwigizaji, muuguzi, mcheshi kuliko sisi sote), tukawaweka kwenye simu ya WhatsApp ya pembeni pamoja na waigizaji. Simu hiyo wakati ule ilichukua watu 8, nasi tulienea sawasawa: watano na watatu. Mwigizaji alivaa spika ya simu sikio moja na ya kompyuta sikio la pili, huku maiki ya simu ameizima. Watazamaji hawakuwasikia wachekaji kamwe, lakini waigizaji waliwasikia, na mdundo wa mchezo ukarudi. Kama utachukua ushauri mmoja tu hapa, chukua huu.

Kuhusu sauti, jueni kwamba Zoom haitaki watu wawili waseme pamoja. Humpa nafasi mmoja, na sauti ya mwingine huifinya. Kwa hiyo ugomvi wa kukatizana, ambao jukwaani ni starehe, mtandaoni unakuwa kelele zisizo na maana. Upange kama muziki: nani anakatiza, baada ya neno gani, na yule aliyekatizwa anyamaze kabisa. Neno la kuchekesha lisikae mwisho kabisa wa sentensi kama anayefuata ana pupa, maana litaliwa. Washeni ule mpangilio wa sauti asili uliowekwa kwa ajili ya wanamuziki, mvae spika za masikioni, na anayeweza kuchomeka waya wa intaneti auchomeke.

Kuimba pamoja msijaribu, isipokuwa mnataka vurugu. Sisi tuliitaka. Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa *Lift Every Voice and Sing*, wimbo wa mwaka 1900 ambao Wamarekani Weusi huuheshimu kama wimbo wao wa taifa, na kwa vile sauti hufika kwa kuchelewa, kila mmoja tofauti na mwenzake, maprofesa wanne wakawa wako mahali panne. Hatukuhitaji kuigiza chochote. Mwishowe mkongwe anasema, kwa huzuni ya kweli, "Umoja umekuwa mgumu siku hizi," na wanaendelea na ajenda.

Mwanga ni suala la rangi, nasema bila kuzunguka. Kamera ya kompyuta hujirekebisha kwa kuangalia picha nzima. Mtu mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya dirisha au ukuta mweupe, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso wake unabaki kivuli. Taa iwekwe mbele, juu kidogo ya macho, ikipitishwa kwenye kitambaa chepesi au kugeuziwa ukuta ili isichome. Nyuma pawe na rangi ya wastani, kahawia au kijani. Mandhari bandia za Zoom ziepukeni, hasa kwa wenye nywele za afro. Septemba 2020 ilisambaa picha ya mhadhiri Mweusi ambaye kila akiweka mandhari bandia, Zoom ilimfuta kichwa. Aliyejaribu kumsaidia, Mzungu, akaziweka picha zao pamoja Twitter, nayo Twitter ikawa inaonyesha uso wa Mzungu tu na kumkata Mweusi. Sisi tuliligeuza kuwa onyesho: profesa anatoa hotuba ndefu juu ya kutoonekana kwa Weusi katika taaluma, na kichwa chake kinapotea kidogo kidogo.

Mtu anatokaje jukwaani? Anazima kamera, na meneja wa jukwaa awe ameweka ule mpangilio wa kuficha wasio na video, kisanduku kitoweke. Mpangilio wa visanduku nao uwekwe na mwenyeji, la sivyo mwigizaji atamkazia macho mwenzake upande wa kulia na nusu ya watazamaji wataona anaangalia ukuta. Akaunti ya bure hukatika baada ya dakika 40, kwa hiyo lipieni. Mchezo usizidi saa moja na robo. Kochi la nyumbani halina adabu ya kiti cha ukumbi.

Usalama hauna mjadala. Machi 2020 mwanafunzi Mweusi aliyekuwa akitetea tasnifu yake ya udaktari Long Beach, California, alivamiwa na mtu aliyemwandikia tusi la ubaguzi na kuchora uchafu juu ya slaidi zake. Mapema Aprili Zoom ikaanza kuweka nywila na chumba cha kusubiri hata usipoomba. Mchezo wenye neno "Weusi" kwenye tangazo unawavuta watu hao kama inzi. Tumieni webina, ambako mtazamaji hana maiki wala kamera, kiungo kitumwe kwa aliyejiandikisha tu, na awepo mtu ambaye kazi yake pekee ni kuangalia mlango.

Na hapa pana swali ambalo waigizaji wetu walibishana kulihusu kuliko yote: nani anatazama? Ukumbi wa mtaa wa Weusi unajua nani ameketi ndani. Kiungo hakijui. Amidi wa kweli anaweza kuwa anatazama jikoni kwake, akicheka pale ambapo si pa kucheka, na kesho akasema, "Mnaona, hata wao wenyewe wanasema idara haifanyi kazi." Wako waliosema tusianike nguo za ndani juani. Jibu langu lilikuwa kuuangalia mswada mstari kwa mstari na kuuliza, mzaha huu unamwangukia nani? Ukimwangukia mnyonge peke yake, unatoka. Majivuno ya maprofesa yalibaki yote, lakini kila walipoumbuana, kisu walichoshika kilikuwa kimetolewa na amidi, na mtazamaji alikiona kikitolewa.

Mfano mzuri ni Kiswahili. Profesa mkongwe ni wa kizazi cha mgomo wa wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, ule wa Novemba 1968 hadi Machi 1969 uliozaa idara ya kwanza ya Masomo ya Weusi. Amevaa kofia, anasherehekea Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi yenye maneno ya Kiswahili, anafungua kikao kwa "Habari gani?" na anategemea ajibiwe "Umoja!" kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo. Mpwani yeyote hapo mbavu hana, na nilisihiwa nimfundishe mwigizaji aharibu zaidi matamshi. Nilikataa. Mzee yule aliyachukua maneno yetu wakati ambapo kuyasema kulikuwa na gharama. Tukamwacha aseme vizuri kadiri awezavyo, na kicheko tukakihamishia kwa mhadhiri kijana mzaliwa wa Kenya anayembeza na kumsahihisha ngeli mbele ya kamati nzima. Kisha mtoto wa mhadhiri huyo, wa miaka saba, anaingia kwenye kamera. Baba anamwambia, "Msalimie mwalimu." Mtoto anamtazama babake kama mtu anayetazama bango la barabarani asilolisoma. Kwenye simu ya pembeni, shangazi yule muuguzi alicheka mpaka akakohoa.

Ruhusa: kama mchezo si wenu, haki ya kuigiza jukwaani haikupi haki ya kurusha mtandaoni, na haki ya kurusha mubashara haikupi haki ya kuweka rekodi. Ombeni kila moja kwa maandishi. Waigizaji walio kwenye vyama vya wafanyakazi waulize kwanza. Mwaka 2020 vyama viwili vikubwa vya Marekani, kile cha waigizaji wa jukwaani na kile cha filamu na televisheni, vilivutana hadi Novemba juu ya nani ana mamlaka na maonyesho ya aina hii. Kwa rekodi, kubalianeni na waigizaji tarehe ya kuifuta, hasa kama kuna anayefundisha chuoni bila ajira ya kudumu.

Mwisho kuna mjadala na watazamaji, ambao kwa mchezo wa aina hii utajaa maprofesa wanaotaka kueleza kwamba wao si kama wale. Maswali yaletwe kwa maandishi, meneja ayasome. Dakika ishirini, kisha mwenyeji afunge chumba. Mwenye swali la sehemu tatu atume barua pepe.