Ijumaa Ndoo, Jumamosi Mlima

Ndoo zangu tatu za kwanza za pombe ya asali ziliharibika kwa sababu moja tu: wikendi ilinikuta nyumbani. Naishi Kasarani, Nairobi, chumba kimoja na jikoni, na ndoo ilikuwa pale chini ya meza. Kila baada ya saa mbili nafungua kifuniko, nanusa, nakoroga, naonja kwa kijiko. Ya tatu ilipogeuka siki ndipo nikaelewa kwamba chachu haipendi wageni. Ukifungua fungua, hewa inaingia, na kuna bakteria wanaotumia hewa hiyo kugeuza kileo kuwa asidi.

Siku hizi naandaa ndoo Ijumaa usiku, na Jumamosi alfajiri nimo kwenye matatu ya Naivasha. Mlima ndio unaonizuia nisifungue kifuniko.

Kwa anayeanza, kipimo changu ni kilo moja ya asali kwa lita tatu za maji, na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Hamira ya mkate inafanya kazi, usisumbuke. Palipo na kazi ni kwenye usafi. Osha ndoo, kijiko na mpira wa kupitisha gesi kwa maji yenye dawa ya kutoa madoa, kisha suuza hadi harufu iishe kabisa. Pombe nyingi huharibikia kwenye sinki, hata kabla hamira haijatoka kwenye pakiti. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ncha ya pili izame kwenye glasi ya maji: gesi inatoka, hewa hairudi. Asubuhi ukisikia glasi inabwabwaja, funga kamba za viatu uende zako. Usionje kabla ya mwezi.

Nilimwonyesha guka, yaani babu yangu, ule mpira nikijivuna kidogo. Yeye alikuwa fundi wa muratina, pombe ya asali ya kienyeji, na hamira ya dukani hakuijua. Alikuwa na vipande vya tunda la mwegea vilivyokaushwa, anavitumia mara kwa mara, kwa maana chachu inabaki kwenye nyuzi zake ikingoja asali nyingine.

"Hii ni ya nini?"

"Guka, ni ya kuzuia hewa isiingie."

Akacheka. "Sisi tulizuia watu."

Mambo mawili nitayapitia haraka. Usijaribu kukusanya mvuke utengeneze chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, jikoni. Na usiuze hata glasi moja. Kuuza pombe bila leseni ni kosa.

Kuhusu milima, anza Ngong. Upepo wa kule juu, kwenye zile mashine za umeme, utakuambia kama koti lako ni koti au ni pambo. Ukimaliza vilele vyote bila magoti kulalamika, nenda Longonot. Ina mita 2,776, na kinachochosha si urefu bali lile vumbi la majivu: hatua mbili mbele, moja nyuma. Wengi hufika ukingoni, wakapiga picha ya msitu ulio ndani ya kreta, lile shimo la volkano, wakashuka. Zunguka kreta yote, ila uwe na maji lita tatu, kwa sababu njiani hakuna kivuli wala duka.

Huko Longonot ndiko nilikofanya ujinga wangu mkubwa. Nilibeba chupa ya tangawizi niliyoichachusha mwenyewe, chupa ya glasi, nikiwa nimeifunga mapema na sukari ingali nyingi. Jua likaipiga saa tatu nzima, nayo inatikisika mgongoni. Nilisikia mlio nikadhani nimekanyaga kitu. Kisha mgongo ukalowa. Chapati, soksi, simu, vyote tangawizi, na vipande vya glasi chini ya begi. Niliwahi kulaumu mwinuko, lakini hewa ya pale si nyepesi kiasi hicho. Kosa lilikuwa sukari, joto na mtikiso. Kinywaji kinachochacha kitie kwenye chupa ya plastiki: ikiwa ngumu kama jiwe ukiibonyeza, legeza kifuniko. Na kileo kikae nyumbani hadi urudi. Mtu aliyekunywa jana usiku anaanza mlima tayari ana kiu.

Kitu kimoja cha jikoni ninachopanda nacho ni kipimajoto. Kasarani maji yangu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kambi ya Shipton, mita 4,200 kwenye Mlima Kenya, yalichemka kwenye 86, na jamaa niliokuwa nao walikuwa wamebeba maharagwe makavu. Kwa joto hilo hayakuiva, tukala biskuti. Beba ndengu zilizochemshwa tayari, au tambi. Na ukipita njia ya Sirimon, usiruke kulala kambi ya Old Moses ili kuokoa siku, mwili unahitaji kuzoea mwinuko. Kichwa kikianza kugonga na tumbo likakataa chakula, teremka, kilele cha Lenana hakihami.

Julai Nairobi ikiwa baridi, chachu husinzia, na guka angeweka kibuyu chake karibu na moto. Mimi sina moto, nina mfuko wa kulalia. Niliuvisha ndoo wiki mbili, pombe ikaamka vizuri, na Agosti nikaubeba hivyo hivyo mlimani. Usiku wa kwanza kambini, gizani, jirani yangu akainua kichwa na kuuliza nani analewa.