Kujifunza ndondi nyumbani: anza na miguu, begi lisubiri

Ndugu, umeuliza kama mtu asiyewahi kuvaa glavu anaweza kujifunza ndondi peke yake nyumbani, na kama anunue begi la kupigia kwanza. Misingi anaweza kuipata, bila shaka. Begi liache kwa sasa. Mimi nilianza nalo, na wiki ya pili kifundo cha mkono wa kulia kikavimba, nikawa siwezi hata kufungua chupa. Wala sikuwa nimepiga kwa nguvu nyingi. Ngumi ilitua mkono ukiwa umepinda kidogo, basi. Begi ni zito, halisogei kwa ajili yako, na kosa lote linaishia kwenye mkono wako.

Nilipopona nikaanza upya, safari hii kwa miguu. Tanua miguu upana wa mabega, kisha peleka wa kushoto mbele hatua moja (kama wewe ni mashoto, geuza kila kitu). Kisigino cha nyuma kiinuke kidogo, magoti yalegee, kidevu chini, ngumi usawa wa mashavu, viwiko vikilinda mbavu. Sasa tembea. Ukienda mbele, mguu wa mbele utangulie na wa nyuma ufuate kwa umbali uleule. Ukirudi, wa nyuma utangulie. Kushoto anza na wa kushoto, kulia anza na wa kulia. Isipishane, isigusane.

Nilibandika utepe mrefu sakafuni, mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, nikawa natembea hivyo dakika 10 kila jioni kwa wiki mbili bila kurusha ngumi hata moja. Miguu yote miwili ikiangukia juu ya utepe, ujue umesimama kama mtu aliye juu ya kamba, na kisukumo kidogo tu kitakuangusha. Zoezi hili linachosha, nakiri, lakini usiliruke. Nguvu ya ngumi inatoka sakafuni, inapita kwenye nyonga na bega ndipo ifike mkononi.

Baada ya hapo, jebu. Mkono wa mbele unanyooka kutoka shavuni, ngumi inageuka mwishoni kiganja kikitazama chini, bega linapanda kukinga kidevu, mkono unarudi kwa njia ileile. Huko kurudi ndiko wengi tunakoharibu. Nilisimamisha simu juu ya kiti nikajirekodi, nikaona jambo ambalo sikuwa nalihisi kabisa: kila nikirusha wa kulia, wa kushoto unashuka hadi kifuani na uso unabaki wazi. Dawa yake ilikuwa kugusa shavu kwa kidole gumba baada ya kila ngumi, polepole, mpaka mkono ukazoea. Jirekodi mapema, usingoje kama nilivyongoja mimi.

Unapopiga hewani usikikaze kiwiko mpaka mwisho, maana hakuna cha kuusimamisha mkono na kiungo ndicho kinachoumia. Vyuma vidogo vya kushika mkononi navyo viweke kando. Uzito wake unauvuta mkono chini wakati wewe unataka uende mbele.

Kwa ngumi ya mkono wa nyuma, kisigino kigeuke nje, nyonga izunguke, bega lifuate. Moja-mbili hiyo, yaani jebu kisha mkono wa nyuma, inakutosha mwezi mzima. Huki (ngumi ya kuzungusha kutoka pembeni) na apakati (ngumi ya kutoka chini kwenda juu) zitakuja.

Raundi ya dakika 3 na mapumziko ya dakika 1 imekuwapo tangu kanuni za ndondi za Queensberry za mwaka 1867, ila wewe anza na dakika 2, raundi tatu au nne. Toa pumzi fupi kwa kila ngumi. Ukiibana, utachoka kabla ya raundi kwisha. Kuruka kamba kunasaidia sana pumzi na miguu pia.

Begi likija, funga bandeji kwanza. Zile za mita 4.5 zinatosha kuzungusha kifundo cha mkono na vifundo vya vidole. Zikaze, lakini vidole visife ganzi. Glavu za aunsi 12 hadi 16 zinafaa. Ngumi itue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, mkono ukiwa umenyooka na kigasha. Ikitua upande wa kidole cha mwisho, mfupa wa pale huvunjika kirahisi. Piga kwa nusu ya nguvu zako, na maumivu yakianza kwenye kifundo, acha siku hiyohiyo.

Kitu kimoja nakusihi usikifanye nyumbani: kupigana na rafiki, hata mkikubaliana kupiga taratibu. Kichwa kikipigwa hakijali kama mlikuwa mnafanya mazoezi. Hapo mtafute kocha, na uende na kinga ya meno yako mwenyewe.