Kila wiki mbili hakutoshi

Ndugu, kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe mara moja kila wiki mbili hakutoshi mahali penye ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Nyunyizia kila siku saba, na msimu wa mvua, kupe wanapozidi, mara mbili kwa wiki. Sababu ni kwamba kupe wa sikio, aenezaye ugonjwa huo, huhitaji kunyonya damu kwa siku kadhaa kabla vimelea havijakomaa kwenye mate yake na kuingia kwa ng'ombe, kwa hiyo ukimuua mapema unamwahi kabla hajaambukiza, lakini ukingoja siku kumi na nne atakuwa ameshiba na kudondoka zamani.

Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ya asilimia 12.5 huchanganywa kwa mililita 2 katika kila lita ya maji. Ng'ombe mzima apate lita kadhaa hadi manyoya yalowe mpaka kwenye ngozi, hasa ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele, maana wengi wetu hulowesha mgongo tu, ambako kupe ni wachache. Usiipunguze nguvu ili kubana matumizi: huko ndiko kuzalisha kupe sugu.

Dawa hiyo usiitumie kwa farasi wala punda, na kabla ya kutumia maziwa, fuata muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko. Chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga, hapa karibu na Nairobi, ni nzuri mno, ila haizuii magonjwa mengine ya kupe.